Miche imekufa yote kiangazi, pori la mzee Chamwino nilifanyeje?

Mwana wa Chamwino: Habari zenu wakuu. Mzee alituachia ekari 8 za pori huku Chamwino, zamani ilikua migunga na mikwaju mikubwa tu, sasa watu wa mkaa wakawa wanaingia usiku usiku mpaka wakaimaliza. Januari mwaka jana nikapanda miche 200 mvua ikiwepo, ikashika vizuri kabisa, kufika Septemba nahesabu imebaki 11, ardhi imepasuka na upepo wa Dodoma mnaujua. Kumwagilia siwezi, maji yenyewe ya kunywa tunanunua kwa dumu. Inaniuma maana mzee aliipenda sana ile miti. Nipande tena au?

Mama Kongwa: Pole mwanangu. Miche achana nayo kwanza, chukua panga zunguka hilo pori, utaona visiki vimechipua vichaka ambavyo mbuzi wanavitafuna kila siku, basi hivyo ndo miti yenyewe, mizizi yake ni ya zamani na iko chini huko inakofika maji. Ndo kisiki hai hiyo. Kwenye kila kisiki bakiza machipukizi 3 mpaka 5, manene na yaliyonyooka, mengine kata, halafu hayo uliyobakiza pogolea matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, usizidishe. Panga liwe kali na ukate kwenda juu, ukikata kushuka gome linachanika. Funga na kitambaa chekundu watu wajue kina mwenyewe. Mkwaju wangu ulikua unanifika gotini, msimu wa tatu huu umenipita kichwa.

Mrangi: Mama kasema kweli. Huku Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, wakachimba makinga maji na kupanda miti, ila pori lilirudi hasa baada ya 1979 mifugo ilipotolewa milimani, mbegu na visiki vilikuwepo tu vinasubiri kupumzishwa. Lakini watu waliumia, kuhamisha ng'ombe sio kitu kidogo, so kaa na wafugaji wa hapo muongee, waruhusu wakate nyasi wabebe, mbuzi wasiingie.

Afisa misitu mstaafu: Na moto jamani. Fyeka njia ya moto kuzunguka pori mwezi wa 5 nyasi hazijakauka, ukisubiri wa 8 umechelewa. Halafu pori likuingizie hela likiwa hai, weka mizinga, uza ukwaju. Ureno nao kiangazi chao ni kikavu na moto unawatesa kweli, ila wana mti unaitwa mwaloni wa koki, ile ya vizibo vya chupa, wanavuna gome tu kila baada ya miaka 9 mti umesimama, ndo maana mwenye nao hakubali ukatwe.

Mwana wa Chamwino: Asanteni sana. Jumamosi nimezunguka na mdogo wangu, ekari moja tu tumekuta visiki 63 vinachipua, na mimi nilikua napita juu yake na miche mkononi! Mama, vile vya mgunga havijafika hata gotini, nivipogolee?

Mama Kongwa: Hapana, subiri vifike kiunoni. Sasa hivi vizungushie miiba tu.