S3 (kidato cha tatu cha Uganda) wamekataa cheti cha mtoto kwa sababu ni cha Kiswahili

Kutoka: Mama Jafari, Ntinda
Jumatatu, saa 3 usiku

Jamani salaam aleikum, na wa Bwana Asifiwe nao nawasalimu. Naomba msaada, nina mpaka Ijumaa.

Kijana wangu kamaliza kidato cha pili Tanga, tumehamia huku Kampala Januari baba yake alipohamishwa kikazi. Shule ya serikali ya kutwa hapa mjini, ile aina ya wanafunzi elfu kadhaa, sitaitaja, walimpokea S3 vizuri tu. Tukalipa, tukanunua sweta, tukapeleka rimu mbili, mafagio na karatasi za chooni roli sita. Mtoto kakaa darasani wiki tatu. Juzi kaitwa kwa DOS, mkuu wa taaluma: faili halijakamilika, alete barua ya UNEB, baraza lao la mitihani, ya kulinganisha PSLE, mtihani wake wa darasa la saba, la sivyo LIN, namba ya utambulisho ya mwanafunzi, haitoki na UCE, mtihani wa S4, mwakani hasajiliwi.

Nikaenda mwenyewe. Karani pale dirishani kachukua cheti cha darasa la saba, kakigeuza mbele na nyuma, kakinyanyua kwenye mwanga kama anakagua noti bandia. "Mama, hiki ni Kiswahili." Nikamwambia ndiyo. "Leta cha Kiingereza." Nikamwambia hicho hakipo, shule za msingi za serikali kwetu zinafundisha kwa Kiswahili. Matokeo niliyochapa kwenye tovuti ya NECTA, baraza letu la mitihani, nayo kayakataa, hayana muhuri. Halafu anataka agrigeti, jumla ya madaraja! Mtoto ana B, wao wanataka namba kuanzia 4 mpaka 36.

Maswali mawili tu. Tafsiri ya nani inakubaliwa? Na uthibitisho wa NECTA, wanautuma wao wenyewe au naubeba mimi mkononi?

---

Kutoka: Baba Neema
Jumatatu, saa 4 usiku

Dada pole. Kwanza usichanganye, PSLE ni yetu, PLE ni yao. Binti yangu nilimleta moja kwa moja S5 akiwa na CSEE yake ya kidato cha nne, cheti Kiingereza kitupu, hatukusumbuka. Mngesubiri amalize kidato cha nne nyumbani ndipo mje. Tanzania na Uganda mfumo ni mmoja, saba, nne, mbili, kwa hiyo S5 ni kidato cha tano, mtoto anaingia kama mkono kwenye glavu.

Tafsiri nenda ubalozini, Kagera Road pale Nakasero.

---

Kutoka: Bi Rukia (Old Kampala, asili Mombasa)
Jumanne, saa 12 asubuhi

Baba Neema, mumewe kahamishwa. Angesubiri nini, aishi Tanga na mume Ntinda miaka miwili?

Mama Jafari, wewe una cheti mwanangu. Mimi wa kwangu alitoka Kenya Grade 8. KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, yeye kapita kwenye CBC, mtaala mpya wa Kenya, ana KPSEA, tathmini ya darasa la sita. Nikaipeleka. Nikaulizwa, huyu alimaliza msingi lini? Nikasema Kenya siku hizi msingi unaishia la sita, kisha junior school. Wakanitazama kama nimewaambia bahari imehamia Jinja. Ushauri niliopewa: mrudishe P7, darasa la saba la huku. Mtoto ana ndevu!

Na LIN msidhani inatoka hivi hivi. Shuleni kwetu walitaka namba ya pasi ya mwanafunzi kwanza. Ulichukua pasi?

---

Kutoka: Mwl. Kiango
Jumanne, saa 7 mchana

Naandika wakati wa mapumziko, samahani kwa makosa ya chapa. Mimi nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja hapa Kampala, ni Mkenya, kwa hiyo nasimama pande zote mbili za dirisha.

Mama Jafari, barua ni jambo moja. Kubwa zaidi ni CA, tathmini endelevu. Kwenye mtaala mpya asilimia 20 ya UCE inatoka kwenye kazi za darasani na miradi, asilimia 80 mtihani. Alama za S3 zinahesabiwa. Mtoto aliyekaa wiki tatu bila kuingizwa kwenye mfumo ana AOI, zile kazi za kutathmini kila mada, ambazo hazijarekodiwa popote. Muulize DOS alama za mtoto zinaandikwa wapi kwa sasa, kwenye mfumo au kwenye daftari la mwalimu. Usitoke ofisini bila jibu hilo.

Pia usishtuke ripoti ikija na 2.1. Mzazi mmoja Mtanzania alinifuata akitetemeka, "Mwalimu, mwanangu kapata mbili kwa mia?" Ni mbili nukta moja kwa tatu. Huyo yuko vizuri.

Baba Neema, saba-nne-mbili ni sawa kwa miaka, si kwa yaliyomo. Tangu mtaala uanze 2020 S3 ya kwao si kidato cha tatu cha kwetu wala cha kwenu.

---

Kutoka: Baba Neema
Jumanne, saa 8 mchana

Mwalimu, mimi nimesema mfumo, sikusema yaliyomo. Na UCE ya kwanza ya mtaala huo ilikuwa 2023, kwa hiyo si jambo jipya la kututishia.

---

Kutoka: Mwl. Kiango
Jumanne, saa 11 jioni

2024. S1 ya 2020 ilikaa darasani wiki chache, shule zikafungwa Machi, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Ndiyo maana S4 yao ilisogea mwaka mzima. Nilikuwepo, nilikuwa nauza nyanya.

---

Kutoka: Abuu S4
Jumanne, saa 2 usiku

Shikamooni. Mama kaniambia niandike kwa sababu nilipitia hayo hayo nilipotoka Tanga, mtaa mmoja na Mama Jafari tena. Mkondo wetu tuko 112. Benchi la watu watatu tunakaa wanne, wa pembeni anaandika mguu mmoja ukiwa nje. Ukichelewa foleni ya posho, yaani ugali, unakuta maharage yameisha, limebaki supu lake, kwa hiyo nikiwa na shilingi elfu mbili natoroka getini kula kikomando, chapati na maharage. Mwambie Jafari asikae nyuma karibu na dirisha la barabarani, bodaboda zinapiga honi mpaka fizikia huisikii.

Halafu Kiswahili! S2 nilipata 1.4. Niliandika "chapati zimeungua", mwalimu akakata, akaandika "zimechomeka". Wenzangu wananiita afande kwa sababu nazungumza Kiswahili. Barua yangu ya ulinganisho aliifuatilia baba, sijui alifanyaje, naye yupo Juba.

---

Kutoka: Bi Rukia
Jumanne, saa 3 usiku

1.4! Mtoto wa Tanga! Mwalimu Kiango, jitetee.

---

Kutoka: Mwl. Kiango
Jumatano, saa 1 asubuhi

Huyo si mimi. Lakini nitamtetea mwenzangu kidogo. Mtaala unasema Kiswahili ni lazima S1 na S2, kuanzia S3 mwanafunzi anachagua. Agosti mtu anafundisha historia, Februari anaambiwa na wewe chukua Kiswahili, si umewahi kukaa Mbale? Nina watoto 90 darasani ambao Kiswahili walichowahi kusikia ni cha polisi kwenye kizuizi: simama, toa, lala chini. Mimi nawafundisha ngeli ya LI-YA. Siku ya kwanza niliposema "karibuni wanangu" wawili waliinua mikono juu.

Na mshahara tuseme. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii yuko kwenye milioni 4 kwa mwezi. Kiswahili ni sanaa. Wenzangu wa sanaa wamegoma 2022, wamegoma tena 2025. Mnataka nani aache Kiingereza akasomee Kiswahili?

---

Kutoka: Baba Neema
Jumatano, saa 3 asubuhi

Hapo ndipo pananiuma. Katiba yao tangu 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe msingi na sekondari kwa lazima. Basi cheti cha Kiswahili kinakataliwaje ofisi ya serikali? Amin mwenyewe alikitangaza lugha ya taifa 1973. Na 1979 kiliingia Kampala na vijana wetu, hakuna aliyekiomba barua ya ulinganisho.

---

Kutoka: Bi Rukia
Jumatano, saa 3 asubuhi

Kiliingia na bunduki, ndiyo maana mtoto wa Tanga anaitwa afande.

---

Kutoka: Mwl. Kiango
Jumatano, saa 7 mchana

Bi Rukia kamaliza. Naongeza moja la kuchekesha. Wazee wetu hawakulinganisha chochote. Kulikuwa na baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanganyika wakifanya mtihani mmoja. Tanzania ikajitoa 1971, NECTA ikaundwa 1973, sisi Kenya tukapata letu 1980, UNEB ya Uganda 1983. Sasa tunalipa nauli kuthibitishana.

---

Kutoka: Baba Neema
Jumatano, saa 7 mchana

Tanzania, si Tanganyika. Muungano ni 1964.

---

Kutoka: Papa Furaha
Jumatano, saa 4 usiku

Bonsoir wote. Mimi ni mtu wa Goma, nasoma tu huku siandikake sana.

Nyinyi muko na karatasi inakataliwa. Sisi tulitoka usiku, bulletin za watoto zilibakia ndani ya nyumba, na nyumba sijui kama iko. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa deuxième ya sekondari. Hapa, bila karatasi, tulimurudisha P6. Miaka 15, anakaa na watoto ya miaka 11, magoti inagonga meza. Alifanya PLE, akapata agrigeti 19, sasa iko S2 na namba yake mwenyewe ya UNEB, hakuna mutu anamuuliza tena. Alilia mwaka muzima lakini. Sisemi mama afanye vile. Nasema tu Bi Rukia asicheke sana P7.

Kiswahili anapata 2.8. Kile cha Goma!

---

Kutoka: Bi Rukia
Alhamisi, saa 12 asubuhi

Papa Furaha, nimekusoma mara mbili. Nisamehe baba. Wangu pia nimemwacha P7, sikutaka kuwaambia. Anafanya Novemba.

Leo kaamka anauliza mahamri na mbaazi. Nazi za hapa nimechoka nazo, unavunja tatu, moja ndiyo nzima. Kuna mtu anajua zile zinazoletwa na basi la Mombasa zinashushwa wapi?

---

Kutoka: Abuu S4
Alhamisi, saa 11 jioni

Shikamoo Bi Rukia. Kisenyi, jumba lenye maduka ya Wasomali, muulize mzee wa tende. Siku ya Jumanne na Ijumaa.

Mama anauliza kama kuna mwenye sweta ya shule namba 34, yangu imebana.

---

Kutoka: Mama Jafari
Alhamisi, saa 3 usiku

Asanteni wote. Mwalimu, nilimuuliza DOS ulivyoniambia: alama zake ziko kwenye daftari la mwalimu wa darasa, ukurasa wa mwisho, kwa penseli. Nimeziona kwa macho yangu.

Ubalozini nimekwenda, nimeambiwa nirudi na nakala. Kesho ndiyo Ijumaa. Jafari kaniuliza namba ya mtahiniwa ninayoandika kwenye fomu ni ile ya darasa la saba inayoanza na PS au ile ya kidato cha pili, nami sijui. Abuu, baba yako Juba ana simu?

Sweta namba 34 ninayo, ila ina shimo kiwikoni.