Bolti za BSF za Land Rover ya 1955: niagize Uingereza, nisake skrapu au nichongewe?

Njoro86
Hamjambo wadau. Nafufua Land Rover Series I ya 1955, ile ya inchi 86 kati ya ekseli, iliyolala miaka chini ya mti shambani huku Njoro. Bodi ni alumini, kutu haikuitafuna sana. Taabu ni bolti. Gari hizi zilifungwa kwa BSF (British Standard Fine), yaani bolti za Kiingereza zenye tredi, ile mikato ya skrubu, za kipimo cha inchi, na tangu Jumatatu nimezunguka hadwea za Nakuru mjini, kila mtu ananitolea za milimita. M8 (ya milimita 8) kwenye tundu la inchi 5/16 inaingia mizunguko miwili halafu inakaza. Spana nazo ni yale yale: 13 haipiti, 14 inacheza na kula kona.

Naona njia tatu: kuagiza Uingereza, kusaka skrapu, au kumpelekea fundi wa leithi, mashine ya kuchongea chuma. Fundi wangu ana ya nne, atoboe upya kote aweke milimita tumalize. Nyinyi mlifanyaje?

PoshoKibuye
Mzee, kabla hujatuma pesa ng'ambo, tafuta injini ya Lister iliyokufa, zile zilizokuwa zikiendesha posho mill sokoni. Ni za Waingereza wale wale, utakuta BSF na Whitworth, ndugu yake mwenye tredi kubwa zaidi. Hapa Kibuye, Kisumu, nilipata mkebe wa Kimbo umejaa. Muuzaji alinipimia kwa kilo kama chuma chakavu, hakujua anauza nini! Nilizilaza kwenye dizeli siku mbili, nikazisugua kwa brashi ya waya. Nusu zilitoka safi. Zilizobaki tredi zilikuwa zimelika, nikatupa.

Ila nenda na nati yako mfukoni. Isipozunguka kwa vidole mpaka mwisho, irudishe.

MamaGereji
Skrapu ni sawa kwa bodi, madigadi na sakafu. Kwa springi, stiaringi na breki, mimi hapana. Bolti iliyotetemeshwa na posho mill miaka yote hiyo hujui imevutwa mara ngapi. Hizo agiza mpya, na utazame herufi kichwani: R, S au T. Ndivyo Waingereza walivyoonyesha nguvu ya bolti, T ikiwa juu ya S, na S juu ya R. Wa milimita wanaandika 8.8 au 10.9.

Kuagiza nako kuna uchungu wake. Bolti ni chuma, nauli unalipia uzito, halafu ushuru, halafu VAT ya 16%. Sisi tulikuwa watatu, tukaunganisha oda moja. Usinunue seti ya gari zima, utasafirisha bolti za sakafu ambazo zimejaa Kibuye.

Na usidanganywe na stenlesi. Inang'aa vizuri pichani, lakini ile ya kawaida, A2-70, haifikii 8.8, na ina tabia ya kung'ang'ana na nati yake mpaka uite grainda.

KijanaBungoma
Mbona mnajitesa? Piga tepu (kile chuma cha kukata tredi ndani ya tundu) ya M10, maisha yaendelee. Ni gari ya shamba, si ya makumbusho.

MamaGereji
Kijana, ukishatoboa hurudi nyuma. Tredi ya BSF ina pembe ya digrii 55, ya milimita 60. Siku bolti ikipotea njiani, utakuwa na gari isiyojulikana ni ya wapi.

LeithiNakuru
Mimi kazi yangu ni kuchonga, na bado namwambia asinipe zote. Bolti moja ya 3/8, tredi 20 kwa inchi, ikiwa na kichwa chake, inanila karibu nusu saa. Leta tatu nne zile za umbo la ajabu ambazo hazipatikani popote. Na lete chuma kizuri, maana rodi laini ya dukani itakupa bolti ya sura tu.

Pesa zilizobaki nunua dai (inayokata tredi za bolti) na tepu za BSF: 1/4, 5/16, 3/8. Zitasafisha zile za mkebe wa Kimbo, na matundu ya chesisi pia. Jambo moja: bolti ngumu usimpe mtu azioshe kwa asidi ili azipake zinki. Asidi inaingiza haidrojeni kwenye chuma, na bolti inakatika ghafla wala hukuizidishia mzigo.

Njoro86
Asanteni sana. Jioni nimeketi na venia, kipimo cha milimita, nikipima bolti moja moja. Upande wa giaboksi 3/8 zilikuwa zikisoma 9.5 kama kawaida, mpaka nikafika kwa mbili zinazosoma karibu 10. Matundu yake yameshapigwa tepu ya M10 zamani, na kutu imezeeka juu yake! KijanaBungoma, kumbe mwenzako alikutangulia.

Hizo mbili nitaziacha hivyo kwa sasa. Za springi na stiaringi naagiza, nani ana oda ya kuunganisha? PoshoKibuye, Jumamosi utakuwepo? Nakuja na nati mbili mfukoni, ya 5/16 na ya 3/8.