Naomba ushauri: fuko wananimalizia bustani

Wakuu, habari zenu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba na fuko wamenishinda kabisa. Kila asubuhi nakuta vifusi vipya vya udongo, bado una unyevu. Juzi nimeshika majani ya karoti ning'oe, yakanijia mkononi yenyewe. Chini hakuna kitu, shimo tupu! Nimemwaga maji kwenye mashimo hadi mgongo ukauma, yanapotelea hukohuko. Nikaziba kwa mawe, wakachimba pembeni, hatua mbili tu. Sumu sitaki, nina watoto na paka. Aliyewahi kutega mtego ndani ya njia zao, unautegaje wasiushtukie? Na nikizungushia tuta wavu wa waya, niuzike kina gani?