Blogu imehamia seva mpya: picha bado zinasoma anwani ya zamani, na makala hazikubali kuhaririwa

Mhariri_Ngara
Wadau, naombeni msaada. Tunahamisha blogu ya habari za mitaani kutoka WordPress.com kwenda kwenye jina letu la .co.ke, seva ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kusimamia seva). Faili la XML, lenye makala zote zilizotolewa kwenye blogu ya zamani, lina MB 41. Nilipandisha kikomo cha kupakia, likaingia, lakini ukurasa ukawa mweupe katikati ya kazi. Niliporudia, makala zote zilifika. Shida ni kwamba picha ndani ya makala bado zinavutwa kutoka anwani ya zamani, ingawa ninaziona kwenye maktaba ya picha. Pia nikihariri makala yoyote, kitufe cha Update kinaleta ujumbe kwamba jibu la seva si JSON halali (JSON ni muundo wa data ambao kihariri hutumia kuzungumza na seva). Na makala ninayoipangia saa tatu asubuhi inatoka saa sita mchana.

FundiSeva
Ndugu, usifunge blogu ya zamani kwanza. Picha ambayo haijavutwa itapotea nayo.

Kilichotokea ni hiki. Programu ya kuingiza huleta makala na picha kwanza, ikikumbuka kila picha imetoka anwani gani na imewekwa wapi. Kubadilisha viungo ndani ya maandishi ni kazi yake ya mwisho kabisa. Seva ikikata katikati, kumbukumbu hiyo inapotea. Ukirudia, picha zilizokwisha kuingia zinarukwa kwa kuwa zipo tayari, kwa hiyo viungo vyake haviguswi tena. Hata ukirudia mara kumi, hutapata tofauti.

Kama bado hujahariri chochote kwenye tovuti mpya, futa makala na picha zilizoingia, uanze upya bila kupitia kivinjari. Pandisha faili kwa File Manager, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) ndani ya cPanel, ingia kwenye folda ya tovuti, kisha:

`wp plugin install wordpress-importer --activate`
`wp import blogu.xml --authors=create`

Huku hakuna kikomo cha kupakia cha MB 2, na kwa kawaida kile kikomo cha sekunde 30 ambacho PHP, lugha inayoendesha WordPress, huweka kwa kila kazi hakihesabu. Hata mtandao wako wa nyumbani ukiyumba wakati picha zinavutwa, picha hazipiti kwako, zinatoka seva hadi seva. Ila dirisha la Terminal liache wazi hadi amri imalize.

Kama umeshahariri, badilisha viungo kwenye hifadhidata. Chukua nakala ya akiba kwanza, `wp db export`, tafadhali usiiruke hatua hii. Kisha bofya picha moja kwa kitufe cha kulia, unakili anwani yake ilivyo. Ikiwa ni ya jina.files.wordpress.com/2021/03/…:

`wp search-replace 'https://jina.files.wordpress.com' 'https://jina.co.ke/wp-content/uploads' --skip-columns=guid --dry-run`

Amri hii inahesabu tu, haibadilishi kitu. Idadi ikikuridhisha, ondoa `--dry-run` uirudie.

Dada_wa_Kodi
Kuhusu JSON: fungua jina.co.ke/wp-json/ kwenye kivinjari. Ukiona maandishi yanayoanza na `{"name"`, njia iko wazi. Ukiona ukurasa wa 404 (haujapatikana), faili la .htaccess, lenye maagizo ya seva, halina kanuni za viungo. Nenda Settings, Permalinks, usibadilishe chochote, bonyeza Save Changes. Hakikisha pia anwani mbili zilizoko Settings, General, zinaanza na https. Zikiwa http na wewe umeingia kwa https, kivinjari kitazuia maombi ya kihariri.

Kabla ya kujaribu, nakili maandishi yako pembeni. Ujumbe huo ukitokea, kazi yako haijahifadhiwa.

Mhariri_Ngara
Asante dada, ilikuwa 404 na sasa makala zinahifadhiwa. Imebaki moja tu isiyohifadhiwa, ya mafunzo ya kuandika msimbo wa tovuti, ina vipande vya SQL (lugha ya hifadhidata) ndani. Picha nimezibadilisha kwa amri, zimekaa sawa.

Dada_wa_Kodi
Hiyo moja, bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua Network, kisha bonyeza Update. Ukiona 403 (umekataliwa), karibu hakika ni ModSecurity, kinga ya seva dhidi ya mashambulio: imeona SQL ikadhani ni shambulio. Usiizime yote. Wape wahudumu wa seva saa kamili ya jaribio na anwani ya makala, watafute namba ya kanuni kwenye kumbukumbu zao na kuiondoa kwa tovuti yako pekee.

FundiSeva
Ya saa ni nyepesi: tovuti inafuata UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Settings, General, Timezone, chagua Nairobi. Makala zilizokwisha kupangwa zifungue moja moja uhakiki saa. Zikiendelea kuchelewa hata baada ya hapo, ni kwa sababu WordPress huangalia ratiba mtu anapotembelea tovuti tu. Weka `define('DISABLE_WP_CRON', true);` kwenye wp-config.php, halafu kwenye Cron Jobs (kazi za ratiba) za cPanel iite wp-cron.php kila dakika 5.