Schomburg alikosea kuuza maktaba yake?

MLETA MADA: Wakuu, hili jambo linanikera. Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico (1874), alihamia New York akiwa kijana, akaingia kwenye harakati za kuzitoa Kuba na Puerto Rico mikononi mwa Uhispania. Baadaye, akiwa karani wa benki, akawa anasaka vitabu na nyaraka za watu weusi popote vilipo. Halafu mwaka 1926 vyote, vitabu zaidi ya 5,000 mbali na maandishi ya mkono na picha, vikaenda Maktaba ya Umma ya New York kwa dola 10,000. Na hela yenyewe ya shirika la Carnegie, la ruzuku lililoanzishwa na tajiri wa Marekani! Kwa nini asiwaachie wenzake wa chama cha utafiti wa historia walichokianzisha mwaka 1911?

MCHANGIAJI 1: Mkuu, umeruka sehemu tamu. Vitabu viliwekwa tawi la mtaa wa 135, Harlem, kwa watu weusi wenyewe. Kabla ya hapo vilijaa nyumbani kwake Brooklyn. Ukitaka kusoma, sharti ukabishe hodi kwa mwenye nyumba. Huyu ndiye aliyesimulia kwamba utotoni mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia. Sasa ushahidi wa kumjibu mwalimu yule ubaki umefungiwa sebuleni? Na hela hakuitapanya: alikwenda Uhispania kusaka nyaraka zaidi. Hicho chama unachokitaja, John Edward Bruce aliyekianzisha naye alishafariki mwaka 1924.

MCHANGIAJI 2: Naongezea. Vitabu vya Marx, mwanafikra wa ukomunisti, alibaki navyo rafiki yake Engels, na Engels alipofariki mwaka 1895 vikaenda kwa SPD, chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, Berlin. Wenzake hasa, kama anavyotaka mleta mada. Wanazi walipokivunja chama mwaka 1933, vikatawanyika, watafiti wakaja kuviokota kimoja kimoja.

MLETA MADA: La Harlem nakubali, nilipitiwa. La Wanazi unanionea, New York haikuwa Berlin. Ila mwaka 1932 Schomburg aliajiriwa kuwa msimamizi wa vitabu vilevile, akavitunza hadi alipofariki mwaka 1938, na mshahara ulitokana na ruzuku ya Carnegie haohao. Mtu analipwa alinde kilichokuwa chake! Ruzuku ingekatika, nani angeshika funguo?