Naomba ushauri: modeli ya daraja gani kwa somo la mashambulizi ya njia za ugavi?

Habari zenu wakuu. Hapa Mtwara tunaandaa meza ya maonyesho ya historia kwa kidato cha nne: kwa nini mabomu hayakati njia za ugavi kirahisi. Nafasi ni ya modeli moja tu.

Ufaransa, 1944, katika Vita Kuu ya Pili, yadi za reli zilipigwa sana, lakini mashimo hufukiwa na reli kutandikwa upya ndani ya siku moja au mbili. Kuziba pengo la daraja ni kazi nzito zaidi. Mei 7 ndege za kivita za Marekani aina ya P-47 ziliangusha lile la Vernon juu ya mto Seine.

Mfano wa pili, ninaouegemea, ni daraja la Thanh Hoa, Vietnam. Aprili 3, 1965 zilikwenda ndege 79 za Marekani, makombora ya Bullpup yakaunguza chuma tu. Lilikuwa na nguzo nene ya zege katikati, na hiyo ndiyo siri yake. Liliangushwa 1972 kwa mabomu ya kuongozwa na leza.

Nguzo nitamimina saruji. Boriti je, waya au mianzi? Na vivuko vya usiku vilivyobeba mizigo pembeni niviweke wapi vionekane?