Aliyemkana Kristo ili aiokoe nyumba yake, arudi kundini au basi tena?

Wapendwa, juzi kwenye mafunzo ya Biblia ndugu mmoja alisema kanisa la mwanzo halikuwa na mchezo: ukimkana Kristo umetoka, hurudi. Watu wakaitikia amina. Mimi napinga, tena kwa historia ya kanisa hilo hilo.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola nzima ya Rumi waitolee miungu sadaka, na kila atakayetii apewe hati. Baadhi ya hati hizo zimeonekana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Moja ni ya mzee Aurelius Diogenes, miaka 72, na imetajwa mpaka kovu la kwenye nyusi yake ya kulia. Serikali ikikujua hadi kovu, utajificha wapi?

Wakristo wengi walianguka. Wako waliotoa sadaka, wako waliofukiza ubani tu, na wako walionunua hati bila kugusa madhabahu. Mateso yalipopoa wakarudi wanalia. Huko Roma padri Novatian akasema kanisa haliwezi kuwapatanisha, na mwaka 251 akajitenga na kuwa askofu wa upande wake. Maneno ya ndugu yetu ni ya huyo, na kanisa liliyakataa.

Nakubali, Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, kulikuwa na kosa la upande wa pili. Walioteswa kwa ajili ya imani waligawa barua za amani, yaani za kuomba walioanguka wapokelewe tena kanisani, kama njugu, nyingine zikisema apokelewe fulani "na watu wake". Watu wake wangapi? Askofu wa huko, Cyprian, alikasirika, na alikuwa na haki. Msamaha wa jumla namna hiyo haumwulizi mtu alifanya nini wala kwa nini.

Yeye alitaka kila mmoja asikilizwe. Aliyekimbilia madhabahu kwa hiari na kuwaburuta wenzake, aliandika, si sawa na aliyekwenda peke yake ili mke, watoto na nyumba nzima wapone. Ndivyo maaskofu walivyoamua Karthago mwaka 251: walionunua hati wapokelewe baada ya toba, waliotoa sadaka waendelee kutubu, wapewe amani, yaani wapokelewe tena, wakikaribia kufa. Miaka michache baadaye, mateso mapya yalipohofiwa, wote waliokuwa kwenye toba wakapokelewa. Cyprian mwenyewe, aliyelaumiwa kwa kujificha mwaka 250, alikatwa kichwa mwaka 258.

Na Aleksandria kulikuwa na mzee Serapion, aliyetoa sadaka. Akaugua, siku tatu hana kauli. Ya nne akazinduka, akamtuma mjukuu wake usiku amwite padri. Padri naye mgonjwa. Akampa mtoto kipande kidogo cha Ekaristi, akamwambia akiloweshe, amdondoshee babu mdomoni. Mzee akameza, akakata roho.

Anayeona Novatian alikuwa na haki aje na hoja, ila aanzie kwa huyu mzee.